Jina la Mwisho Kwenye Orodha ya Tetu

Wanjira, mwalimu wenu wa kompyuta, alikuja kwangu Gatitu Jumamosi moja na mkate na paketi ya majani chai, akaniomba niwaandikie nyinyi wanafunzi wake kurasa chache kuhusu jinsi tulivyokuwa tukipokea orodha kutoka kwa fomu za mtandao zamani. Nikamwahidi nitamaliza wiki hiyo hiyo. Ombi lake nimekaa nalo tangu mvua ya Aprili, na sasa mahindi yamekauka shambani. Si uvivu. Mkifika mwisho mtajua ni nini, na kama mtanisamehe au hamtanisamehe, hiyo ni shauri yenu.

Mimi ni Wairimu. Nilianza kazi nikiwa mwalimu wa kupiga chapa hapo Nyeri mjini, kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka la mbegu. Nilikuwa mkali. Msichana akiangalia vidole vyake badala ya karatasi, nilimfunika mikono kwa gazeti mpaka azoee. Wakaniita Madam, na jina hilo limenigandia hadi leo, hata muuza sukuma wiki hunipigia kelele, "Madam, leo iko ya kienyeji." Miaka ya tisini kompyuta zilipoanza kuingia mjini, chuo kilifungwa, nami nikaandikwa na shirika dogo lililokuwa likitibu macho ya watu wa mashambani. Shirika lenyewe halipo tena na sina haja ya kulitaja.

Hapo ndipo nilipompata Bwana Ndirangu. Alikuwa fundi wa simu. Alikuwa amepanda nguzo kuanzia Nyeri hadi Nanyuki kwa miaka mingi, mpaka goti likakataa. Alijua laini gani hukatika mvua ikinyesha Kiganjo na gani hukatika hata bila mvua. Shirika lilimchukua aunganishe kompyuta za ofisi zetu tatu, yaani Nyeri, Karatina na Nanyuki, kwa njia ya simu. Seva ilikaa kwetu Nyeri, chini ya meza yangu, na mimi nilikuwa naiwekea miguu wakati wa baridi kwa sababu ilitoa joto.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika programu za seva, kwa lugha ya Perl, kutoka kitabu kimoja kisicho na jalada. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimletea programu yako hakuuliza kama inafanya kazi. Aliuliza, "Umeiuliza imesikia nini?"

Swali hilo lilinichosha, wacha niwaambie ukweli. Alimaanisha hivi: usiamini kile unachodhani kivinjari kimetuma. Chapisha kwanza maneno yenyewe jinsi yalivyofika kwenye seva, uyasome kwa macho yako, ndipo uanze kuyapanga. Nyinyi mna vyombo vya kufanya hivyo kwa kubonyeza kitufe kimoja, na bado hamfanyi. Najua hamfanyi. Mimi pia sikufanya.

Sasa niwaelezee shida yenyewe, maana kuna kati yenu wasioijua. Fomu ikiwa na visanduku vya kutia tiki, na vyote vina jina moja, tuseme "mgonjwa", kivinjari hakitumi orodha. Kinatuma jina lile lile mara nyingi, mfululizo: mgonjwa ni Agnes, mgonjwa ni Esther, mgonjwa ni Ruth. Yanafika yamefuatana kwenye mstari mmoja mrefu. Ni kazi yako wewe uliye upande wa seva kujua kwamba hao ni watatu. Programu yangu ilikuwa na nafasi moja iliyoitwa "mgonjwa". Agnes akifika anawekwa hapo. Esther akifika anawekwa hapo hapo, Agnes anatoka. Ruth akifika, Esther anatoka. Mwishowe anabaki Ruth peke yake, na programu haisemi neno. Haikosei hata kidogo, inafanya vile ulivyoiambia.

Na kisanduku kisichotiwa tiki hakitumi chochote. Si sifuri, si "hapana", ni kimya tu. Tulikuwa na msichana wa ofisi ya Karatina, mtu wa adabu sana, ambaye fomu zake za awali, zile ambazo kila kisanduku kilikuwa na jina lake, zilifika na tiki kila mahali. Nilimpigia simu. Akaniambia, "Madam, niliona nikiacha zingine bila kitu ni kama nimewadharau." Tulicheka ofisini wiki nzima. Leo nikimkumbuka naona kwamba kati yetu wote ni yeye aliyekuwa na wazo zuri.

Kila mwaka madaktari wa macho walikuja kwa kambi ya wiki moja tu kupasua wagonjwa wa mtoto wa jicho. Kazi ilikwenda hivi. Wauguzi walizunguka vijijini wakipima watu, nasi tukaandika kila mgonjwa kwenye seva, mmoja mmoja. Wiki mbili kabla ya madaktari kufika, kila kijiji kilituma mtu wake aje ofisini na karatasi ya wale walio tayari, yaani hawana homa na wana mtu wa kuwashika mkono wakitoka. Sisi tulifungua ukurasa wa kijiji hicho, tukaweka tiki kwa majina hayo, tukabonyeza "Tuma". Orodha ilikwenda kwa sista mkuu wa kambi, naye akapunguza kulingana na vitanda, kisha akatoa majina ya watakaofuatwa na gari.

Fomu ile niliiandika mimi. Ndirangu aliniambia niweke kitu kimoja chini yake: kisanduku cha kuandika umeweka tiki kwa watu wangapi. Seva ihesabu zilizofika, ilinganishe, na ikiona tofauti ikatae. Nikaweka.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Gathogo wa Tetu, mzee wa kanisa, kofia mkononi na karatasi imekunjwa ndani ya Biblia. Tukaweka tiki pamoja, yeye akisoma na mimi nikibonyeza. Tulipofika chini nikamuuliza, "Mzee, wote ni wangapi?"

Akaniangalia kama nimemtukana. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia.

"Na nyumbani kwenu watu huhesabiwa?"

Nikaona haya. Nyinyi wa siku hizi huenda hamjui, lakini kwetu Wagikuyu mtu hahesabiwi. Ukihesabu watoto wa mtu ni kama unawaitia mabaya. Hata mabinti wa Mumbi, mama yetu wa kwanza, walikuwa kumi, lakini haisemwi kumi, husemwa kenda muiyuru, tisa iliyojaa. Nikamwambia Mzee kwamba si mimi ninayehesabu, ni kompyuta. Akafikiria, akasema, "Basi iandikie kenda muiyuru."

Nikaandika. Kompyuta ikakataa, ikasema inataka tarakimu.

"Ati haijui Kigikuyu," Mzee Gathogo akasema, "na iko na kazi ya kuangalia wagonjwa wetu."

Sikilizeni hapa. Ningeandika tu 10 mimi mwenyewe, nikanyamaza, seva ingenijibu kwamba imepokea mmoja. Ningejua siku ile ile, saa ile ile, na Mzee bado amekaa pale. Lakini nilitaka kumfurahisha, na tena nilikuwa na kiburi cha mtu anayejua programu yake ni safi. Nikafungua programu mbele yake, nikakitoa kile kisanduku, nikabonyeza "Tuma". Ikakubali. Mzee akanibariki na kuondoka. Ndirangu alikuwa Nanyuki siku hiyo akitengeneza laini, na aliporudi sikumwambia. Nilijiambia ni jambo dogo.

Mtaniuliza kama nilikuwa nimeijaribu programu. Nilikuwa nimeijaribu. Nilitengeneza kijiji cha uongo, nikajiandika mimi mwenyewe kuwa mgonjwa, nikajiwekea tiki, nikatuma, nikajiona nimefika salama. Nikajisifu kwa chai na maandazi mawili.

Jumatatu ya kambi, majina ya kwanza yakabandikwa mlangoni mwa ofisi. Tetu, Zipora. Kijiji kilichofuata, Winfred. Kingine, Wilson. Kingine Virginia, kingine Veronika. Dereva wetu akasoma akacheka, akasema mwaka huu Bwana ameamua kweli wa mwisho watakuwa wa kwanza. Nami nikacheka. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi niliambiwa, na sikutazama.

Ndirangu alisimama mbele ya ile karatasi muda mrefu. Mama yake alikuwa wa Tetu. Jina lake la ubatizo lilikuwa Esther, lakini kijiji kizima kilimwita Cucu Wanjira, yaani nyanya Wanjira. Macho yake yalikuwa yamefunga miaka minne. Na Ndirangu alikuwa na binti wa kwanza, wa miaka mitatu, ambaye kwa desturi yetu alipewa jina la bibi huyo. Ndiyo, huyo huyo mwalimu wenu. Cucu hakuwa amewahi kumwona. Alikuwa amemwambia Ndirangu kwamba haombi mengi, anaomba amwone Wanjira mdogo mara moja, ajue jina lake amemwachia mtu wa sura gani.

"Mama hayumo," Ndirangu akaniambia.

"Bwana Ndirangu, sista ndiye huchagua," nikamwambia. "Vitanda ni vichache. Pengine keshokutwa."

"Lakini alitumwa?"

"Nilimwekea tiki kwa mkono wangu."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo linaloniuma. Yeye angeweza kukaa kwenye kiti changu, afungue programu, aone kosa kwa dakika tano. Hakukaa. Baadaye aliniambia aliogopa watu wasije kusema amemsukuma mama yake mbele ya mama za wengine. Sista naye alidhani Tetu nzima ina mtu mmoja aliye tayari. Sisi tulidhani sista amepunguza. Na kule kijijini hakuna aliyelalamika, kwa sababu watu wetu wamezoea kuachwa na orodha. Wagonjwa wa mjini waliojileta wenyewe wakajaza vitanda, madaktari wakafanya kazi hadi Ijumaa, wakapewa zawadi za vikapu, wakaondoka.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa naandika ripoti. Nikaona vijiji vyote, kila kimoja mtu mmoja. Nikakumbuka Mzee Gathogo akisoma na mimi nikibonyeza, Agnes, Esther, Hana, tukishuka na alfabeti hadi Zipora chini kabisa. Ndipo nikafanya lile nililofundishwa. Nikafungua kumbukumbu za seva, nikaiuliza imesikia nini. Maneno yote yalikuwa yamefika, watu wote wa Tetu kwenye mstari mmoja, na Esther wa pili. Ni programu yangu iliyowatupa nje mmoja mmoja.

Nikamwita Ndirangu, nikamwonyesha. Akasoma bila kukaa.

"Ulijaribu na watu wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja si orodha, Madam." Kisha akauliza, kwa sauti ile ile, "Na kile kisanduku cha hesabu?"

Nikamwambia habari ya Mzee Gathogo. Nilitaka anikemee. Ningepata nafuu akinikemea. Alichukua koti lake, akasema, "Twende Tetu. Utamwambia wewe."

Tulimkuta Cucu Wanjira amekaa juani mbele ya nyumba akichambua njahi, yale maharagwe yetu meusi, kwa vidole, mbovu anaweka kando, na hakosei hata moja. Wanjira mdogo alikuwa amelala kwenye kanga miguuni pake. Nikapiga magoti. Nikamweleza kwa Kigikuyu, nikijaribu kutafuta maneno ya seva na fomu ambayo Kigikuyu hakikuwa nayo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo," akasema, "mliiambia majina yetu, ikashika lile la mwisho tu."

Nilikuwa nimetumia nusu saa kueleza, naye akamaliza kwa maneno hayo.

"Ndiyo, Cucu. Na kulikuwa na mahali pa kuhesabu, nikapatoa. Mzee Gathogo alikataa kuwahesabu."

"Gathogo alifanya vizuri. Watu hawahesabiwi." Akaweka ungo chini. "Lakini huitwa."

Akaanza kuwaita. Hakufuata alfabeti. Alianza na nyumba ya juu kabisa kwenye mwinuko wa kijiji, Ruth, akateremka na njia, Hana wa kwenye kahawa, Peris aliyefiwa, Miriamu, Agnes na dada yake, nyumba hadi nyumba, akinyamaza kidogo baada ya kila jina kama anayengoja kuitikiwa. Alipofika kwake akasema "mimi". Akaendelea hadi mtoni, kwa Zipora. "Huyo ndiye alienda," akasema. "Ungetuita hivi, binti yangu, ungesikia nani amenyamaza."

Nilikuwa nimeinamisha kichwa nikiangalia udongo. Yeye akanyoosha mkono akamgusa mtoto usoni, paji la uso, akalifuata kwa kidole hadi kwenye nyusi.

"Wewe unayeona," akaniuliza, "huyu anafanana nami?"

"Ndiyo, Cucu," nikasema. Nilisema nikiwa bado naangalia chini. Sikuthubutu kuinua macho nimtazame yeye wala mtoto. Nilitaka tu swali lipite.

Madaktari walirudi mwaka uliofuata. Fomu ilikuwa imebadilika. Ukituma, seva haikubali mara moja. Inakurudishia ukurasa wenye majina yote iliyoyasikia, na karani anayasoma kwa sauti mbele ya mtu wa kijiji, jina moja, kimya kidogo, jina lingine. Mzee Gathogo aliupenda ukurasa huo kupita kiasi, akawa anaitikia "yuko" kwa kila jina. Watu wa Tetu walifuatwa wote na gari, isipokuwa Cucu Wanjira. Tulikuwa tumemzika msimu wa baridi, mwezi mmoja kabla.

Vyombo vimebadilika tangu hapo. Ilikuja lugha iliyotaka uweke mabano ya mraba baada ya jina la kisanduku, ukisahau unabaki na yule wa mwisho, kosa langu lile lile limevaa nguo mpya. Zikaja nyingine ambazo mtu mmoja akifika hukupa neno, wawili wakifika hukupa orodha, na programu inaanguka siku ambayo kijiji kina mgonjwa mmoja tu. Vyenu vya leo sivijui vyote. Lakini jaribuni bila mtu, na mtu mmoja, na wawili, na kijiji kizima. Na rudisheni majina kwa wenyewe, wayasome. Nilifanya kazi hii miaka mingine mingi baada ya Tetu na sikuwahi tena kutoa ukurasa huo, hata wakubwa walipolalamika kwamba unawachelewesha.

Wanjira, haya mengine ni yako, na wanafunzi wako wakiyasoma si neno. Baba yako tulimzika mwaka jana, na najua hakukuambia. Tulikaa meza moja naye miaka mingi baada ya hapo na hakunirudishia jambo hilo hata siku moja. Ulikua ukijua cucu yako alikosa nafasi. Hukujua ni nani aliyeipoteza. Ni mimi. Wazee husema majuto ni mjukuu, na wewe ulikuwa ukinipitia mlangoni kila mwaka, sare ya shule, kisha kofia ya chuo kikuu, na kila mara nilikuangalia mikono, viatu, mkoba, popote isipokuwa usoni.

Jumamosi ile ulipoleta mkate, ulikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha ukanieleza habari za darasa lako. Sikusikia nusu yake. Nilikuwa nakuangalia paji la uso, na nyusi, na jinsi unavyonyamaza kidogo baada ya kumtaja kila mwanafunzi. Nimechelewa kuangalia, lakini nimeangalia.

Ndiyo, Cucu. Anafanana nawe.